Castory Anataka Nini

Mlali, mlimani
9 Juni 2025

Castory amekubali. Atakupa figo. Soma tena hapo juu, sijakosea kuandika.

Haya, sasa ndiyo nikusalimu. Mwanangu Deogratias, hujambo? Doreen mkeo hajambo? Sisi huku wazima. Njegere zimebeba mwaka huu mpaka majirani wanasimama njiani kuniuliza mbegu nilipata wapi, nami siwaambii. Mjomba wako Severin amepona mguu, ameanza tena kugombana na watu kwenye kikao cha ukoo, ndivyo tulivyojua kapona.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita haipokelewi, na hata ukipokea, mimi mpaka nipande jiwe la kwa Magreth ndipo mtandao upatikane. Nikifika pale nahema, nasahau nilichofuata. Barua hii anakuletea Hosiana, anashusha hoho zake Ilala kila wiki. Halafu mwandiko wangu unaujua. La saba la wakati wetu si hili la sasa. Mwalimu alikuwa anazungusha daftari langu darasa zima ili wenzangu waone herufi zinavyokaa.

Sikiliza ilivyokuwa. Mimi walinikataa kwa sababu ya presha, dada yako Judith wamemkataa kwa sababu ya sukari, hayo unayajua. Nikabaki najiuliza tumbo lote hili la ukoo hakuna hata mmoja. Jumapili baada ya misa nikamkuta Castory nyuma ya nyumba yake, amefungua pampu ya kumwagilia ya watu, mikono imejaa grisi. Nikamweleza kwamba wewe unaishi kwa mashine mara tatu kwa wiki. Akaniuliza, "Mama mdogo, wanachukua moja tu?" Nikasema moja. Akasema, "Basi, si ninazo mbili." Akaendelea kukaza nati.

Hivyo tu. Mimi nililia mpaka mkewe akatoka jikoni.

Usimwite binamu kama mnavyoitana huko mjini. Ni mtoto wa dada yangu Elizabeth, Mungu amrehemu, na mwaka alioumwa dada, Castory alinyonya ziwa langu upande mmoja, wewe upande wa pili. Wewe ndiye uliyekuwa unampiga mateke. Damu amekwenda kupima Morogoro mjini na kundi lenu ni moja. Nimewaambia watu wote. Kijiji kizima sasa kinajua nimezaa mwana mmoja Dar mwenye ofisi na nimenyonyesha mwingine mwenye moyo. Nijibu upesi.

Mama yako,
Filomena

—

Dar es Salaam
2 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Barua imefika. Doreen anakusalimu, amefurahi kuliko mimi, ameisoma kwa sauti mara mbili. Naendelea na mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati nalala. Kazini wamenipa likizo ambayo hawajasema inaisha lini, na mimi najua maana yake, maana barua za namna hiyo nimewahi kuziandika.

Mama, nina maswali, usikasirike. Nani alianza, yeye au wewe? Castory hatujaonana miaka minane. Mara ya mwisho alinipigia ni kunipa pole ya baba, hakuomba kitu, na hilo nalo nililiweka akilini. Mtu hasemi "ninazo mbili" akaishia hapo. Anataka nini? Ana watoto wa kusomesha? Ana kesi? Kuna mtu amemwambia mimi nina kiwanja?

Unajua kazi yangu. Miaka kumi na miwili nakagua madai ya bima. Mtu analia kwamba duka limeungua, mimi nainama nanusa petroli. Walioniumiza si waongo wa wazi. Kuna mzee mmoja alilia machozi ya kweli, na petroli ilikuwapo kweli. Tangu siku ile, mtu akinifanyia wema, kichwa changu kinaanza kutafuta risiti.

Doreen ana neno lake la Kiingereza kwa hilo, sinisizimu. Analitumia kila tukigombana. Nilitafuta kwenye kamusi, wanazunguka tu: kejeli, dharau, kukosa imani. Si hayo. Mwenye kejeli anacheka, mimi sicheki. Mwenye tahadhari anachunguza, akiona pako salama anapita. Hili neno ni la mtu anayechunguza, anakuta pako salama, halafu anauliza ni nani kapafanya pawe salama na kwa faida gani. Doreen anasema Wagiriki walilitoa kwa mbwa.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Castory aandike karatasi kwamba anatoa kwa hiari, hadai shamba, hadai kiwanja, hadai ada za watoto, sasa wala baadaye, yeye wala wanawe. Mwenyekiti wa kitongoji apige muhuri. Nikiipata hiyo nitaweza kulala chini ya kisu cha madaktari.

Mwanao,
Deogratias

—

Mlali
20 Julai 2025

Marahaba mwanangu. Hatujambo. Mbuzi amezaa mapacha, wote majike. Judith amepandishwa cheo shuleni, sasa ni makamu wa mwalimu mkuu. Sikuambii ili uone wivu.

Nimesoma barua yako, nikaikunja, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma tena. Hao Wagiriki hawajui kufuga. Mbwa ukimtupia mfupa anaudaka, haulizi umeupata wapi. Hilo neno walitakiwa kumpa mnyama mwingine.

Na wala usihangaike na kamusi. Sisi huku tunasema "ana lake", tunamaliza. Unamkumbuka mzee Bartholomeo wa kule darajani? Kila mtu kwake alikuwa ana lake. Mganga wa zahanati akimpa dawa, ana lake. Jirani akimpa moto, ana lake. Padri alipoleta bomba la maji, mzee akasema Padri ana lake, hajapata kuona mtu anapandisha maji mlimani bure. Bomba likapita mlangoni kwake, hatua nne. Yeye akashuka mtoni na ndoo miaka kumi na moja, mpaka utelezi ukamtoa uhai. Siku ya kumzika wachimba kaburi waliona kiu, wakafungua lile bomba, wakanywa. Nilikuwapo. Sote tuliangalia pembeni.

Lakini kwa kuwa wewe ni mgonjwa nami ni mama yako, karatasi nimeitengeneza. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Castory aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Kaka anaogopa nitamdai?" Nikamwambia hizi ni taratibu za mjini. Akasema, "Basi niweke na dole gumba, isije ikaonekana haitoshi." Kwa hiyo pana sahihi na pana dole. Mwenyekiti Dominiko kapiga muhuri wa zambarau, umekolea, haukuchezacheza kama ule aliowapigia watu wengine. Nimemwambia Castory aiweke juu kabisa kwenye faili lake la plastiki, juu ya cheti cha ubatizo na barua ya mjomba ya kuthibitisha undugu, ili madaktari wakifungua tu waone ametoka kwa watu wenye utaratibu.

Anakuja huko Agosti kwa vipimo. Mpokee vizuri. Nimempa njegere gunia dogo na asali. Usimuulize ameileta ya nini.

Mama yako mwenye mwandiko,
Filomena

—

Dar es Salaam
5 Septemba 2025

Mama, shikamoo. Mzima?

Nikianza na salamu ndefu sitafika kwenye neno, nisamehe.

Vipimo vyote vilikubaliana. Daktari alisema hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja mara nyingi hawafanani hivi. Alitabasamu. Tarehe 28 Agosti tukaitwa mbele ya kamati ya hospitali, watu watatu na mama mmoja wa ustawi wa jamii. Wanamwita mtoaji peke yake kwanza. Sheria hairuhusu kiungo kiuzwe, kwa hiyo wanauliza kila mtu: kuna aliyekuahidi chochote?

Castory akawaambia, "Mama mdogo aliniahidi shamba la bondeni, nikakataa."

Wakafungua faili. Karatasi ikawa juu. Yule mama akaisoma polepole, akaniita, akaniuliza mtu asiyedai kitu kwa nini asainishwe kwamba hadai. Nikamwambia ni wazo langu. Akasema, "Ndiyo, na shamba ni wazo la nani?" Nikamwambia sijui kama kuna shamba. Wakakataa. Wamesema turudi baada ya miezi sita, mwisho wa Februari, na wazee wa ukoo waje kueleza.

Tukakaa kwenye benchi kwenye korido. Castory alikuwa amevaa shati la kanisani. Akaniuliza, "Kaka, ningewadanganya ningepita?"

"Ungepita."

"Sasa nimekosea wapi?"

Nikamwambia hajakosea. Na hapohapo, mama, mdomo wangu unasema hajakosea, kichwa kinasema: huyu aliogopa kisu, akasema kweli makusudi ili wamkatae, aende nyumbani na heshima yake. Nilimwangalia nikitafuta dalili. Alikuwa anakunja faili lile la plastiki lisipasuke. Ulicheka kuhusu Wagiriki. Neno lenyewe ndilo hilo, sina namna nyingine ya kukueleza.

Sasa nijibu. Shamba gani?

Deogratias

—

Mlali
15 Septemba 2025

Marahaba mwanangu mpendwa, natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Huku baridi imepungua. Askofu alikuja kutoa kipaimara, mimi ndiye niliyepika pilau ya wageni wakuu, alirudia sahani. Magreth ameezeka bati jipya, linang'aa mpaka upande wa pili wa bonde wanaziba macho. Wale mbuzi mapacha mmoja amekufa. Castory amerudi salama, ana kazi nyingi, watu wanajiandaa na vuli. Mjomba anasema mwezi wa pili atakuja huko na wazee wanne na atavaa suti.

Lile uliloniuliza nitakujibu. Karatasi imeisha.

Mama yako

—

Dar es Salaam
3 Oktoba 2025

Mama, shikamoo.

Hosiana anakuletea daftari, kurasa mia.

Shamba gani?

Deogratias

—

Mlali
16 Novemba 2025

Deogratias mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa mwili. Daftari nimelipata tangu mwezi uliopita. Nimechana kurasa saba, hii ni ya nane, nikikosea naituma hivyohivyo.

Shamba la bondeni, lile ambalo maji hayakauki hata Januari. Alilokuwa analima bibi yako.

Ile habari ya Jumapili niliyokuandikia ni ya kweli ila niliikata kichwa. Nilimkuta kwenye pampu, nikamweleza ugonjwa wako, akanyamaza. Alikuwa anatafuta spana, Deo, hakuna zaidi. Nilikuja kukumbuka baadaye kwamba alikuwa anatafuta spana. Lakini mimi nikaona anafikiria bei. Nikamwambia, ukimpa ndugu yako figo nitakupa shamba la bondeni. Akainua uso akaniangalia kama nimemmwagia maji ya moto. Akasema, "Lile la bibi? Liache, kaka akipona atataka mahali pa kupumzika." Halafu ndiyo akauliza kama wanachukua moja tu.

Sikumpa hata nafasi ya kukubali bure. Nilimwahidi kabla hajajibu. Mtoto niliyemnyonyesha mimi.

Nikamwambia asimwambie mtu habari ya shamba. Akasema sawa. Lakini kule walimuuliza, na Castory hajui kusema uongo, na mimi nilijua hajui. Karatasi ulitaka wewe, shamba niliahidi mimi. Tulimfunga kamba huku na huku.

Nilikucheka na neno lako nikajiona mimi mwenye roho nyeupe. Kumbe nami ninalo, ila langu linapika pilau na kusalimia watu. Lako angalau linasema jina lake. Maisha yangu yote nimetoa, nimelisha, nimesaidia, kila mtu mlimani anajua, na mimi ndiye ninayehakikisha wanajua. Sikuwahi kufikiri kuna mtu anatoa halafu anageukia nati zake.

Nimemwomba radhi. Alisema yameisha. Pombe ameacha ili akipimwa tena awe safi. Mjomba yuko tayari, anafanya mazoezi ya kuongea mbele ya kioo, mkewe ananiambia. Wewe vumilia mpaka Februari. Kula hata kama hutaki.

Mama yako
Filomena

—

Dar es Salaam
30 Januari 2026

Mama, shikamoo.

Mwandiko ni wa Doreen, maneno ni yangu. Mkono wa kulia umevimba kwa ajili ya sindano za mashine, wa kushoto sikuuzoesha kalamu.

Hatuendi kwenye kamati. Moyo umetanuka. Daktari yuleyule aliyetabasamu amesema hata kamati ikikubali kesho, yeye hanipasui, sitaamka. Mshipa wa mashine nao umebaki mmoja, na huo umeanza kuziba. Nimemuuliza kama mwezi wa nane, tulipokataliwa, ingewezekana. Amesema mwezi wa nane ingewezekana. Doreen hataki kuandika hilo, nimemwambia aandike.

Nataka kuja nyumbani. Huko hakuna mashine, nalijua hilo, tumelizungumza.

Sikukasirikii kwa shamba. Ningekuwa wewe ningeahidi na nyumba.

Nimejaribu kumwandikia Castory mara tatu. Nikiandika asante, nasimama najiuliza ninaandika kwa sababu nashukuru au kwa sababu nataka kufa nikiwa nimeonekana mtu mwema. Nachana. Sasa hata wema wangu mwenyewe naunusa petroli. Mwambie wewe, mama. Wewe utajua namna ya kusema bila kukagua.

Doreen anasema amechoka kuandika. Hajachoka, analia.

Deogratias

—

Mlali
18 Februari 2026

Mwanangu Deogratias, marahaba.

Hatujambo. Doreen alinipigia, nilipanda jiweni nikamsubiri nusu saa. Ameniambia ni siku ngapi ukiacha mashine. Sitaziandika hapa.

Nimemwambia Castory kama ulivyonituma. Nilitaka kukuandikia kwamba alisema maneno mazuri, ungefurahi, lakini nimeahidi moyoni sikati tena habari. Alikasirika. Sijawahi kumwona vile. Alisema, "Mama mdogo, nyie wawili mmenifanya mwizi wa kitu changu mwenyewe." Akaondoka, akaacha chai. Siku tatu hakupita kwangu.

Siku ya nne nikasikia majembe. Unajua gari haliwezi kufika nyumbani, linaishia kwa Magreth, na kutoka hapo ni kubebwa kwa machela. Castory alikuwa pale kwenye kona na watu sita, wanapanua njia. Wanakata udongo upande wa juu, wanapanga mawe upande wa chini. Nikamfuata nikamwuliza anafanya hivi kwa sababu gani, maana wewe ungeniuliza. Aliniambia nisogee, jiwe linashuka. Nikasogea. Sikumuuliza tena na wewe ukifika usimuulize. Jana walifika kwenye mgomba wa pili, bado hatua kama arobaini.

Chumba chako ni kile cha mbele, dirisha linatazama bonde. Nimepaka chokaa mwenyewe, hakuna fundi angepaka vile. Godoro ni jipya. Judith atakuja mapema akae na Doreen. Mjomba Severin alikuwa ameshashona suti ya kwenda nayo kwenye kamati. Nilidhani ataiweka, anasema ataivaa hapa. Hotuba sijui ataifanyia nini, nimemwomba aifupishe. Wazee wale wanne wanakuja pia, walikuwa wameshaomba ruhusa kwenye shughuli zao. Sitapika pilau. Nitapika uji wa mchele usio na chumvi, Doreen amenieleza unavyopikwa, na kila mtu atakula huohuo.

Kuna mambo nataka kukuambia ambayo mwandiko huu hauyawezi, ingawa ni mwandiko mzuri. Nitakaa karibu na kitanda. Ukitaka kuninusa, ninuse, mimi nipo.

Mume wa Judith atawachukua na gari Ijumaa jioni, mtalala Morogoro mjini upumzike, asubuhi mtapanda. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu, na ile ya Castory niliipita ya mwisho. Nilisimama mlangoni nikamtajia siku kama nilivyowatajia wengine. Akaitikia kwa kichwa. Wote wameshaambiwa siku hiyohiyo, Jumamosi, tarehe 28 Februari.